Aiskrimu inaruka Texas, damu inasubiri kivuko Ukerewe

Hapa Frisco, kaskazini mwa Dallas, mlio wa ndege nyuki, yaani droni, nimeshauzoea. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafagia majani mbele ya nyumba, ikaja moja, ikasimama hewani juu ya uwanja wa jirani na kushusha kamba nyembamba yenye boksi la karatasi. Boksi lilipogusa nyasi kamba ikajiachia, ikavutwa juu, ndege ikaenda zake. Mtoto wa jirani akatoka pekupeku, akafungua palepale: aiskrimu. Duka lenyewe ni dakika tano kwa gari, na magari mawili yalikuwa yameegeshwa hapohapo.

Simlaumu jirani. Huduma ipo, anaitumia. Ila mimi ni mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na kila nikiona kile kiboksi kinashuka namkumbuka dada yangu. Alijifungua usiku, akatokwa na damu nyingi, na damu ya kundi lake haikuwepo. Kivuko kilikuwa kimeshafunga kazi. Baba alinipigia simu, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, tunangoja kuche," alisema, kisha akanyamaza, nikawa nasikia vyura tu. Dada alipona. Baba hajapenda kuuzungumzia usiku ule mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Ukerewe ilikuwa imetangulia. Mwaka 2018 kampuni ya ndege nyuki ya Wingcopter, DHL na shirika la Ujerumani la GIZ walijaribu kupeleka dawa kwa ndege nyuki kutoka Mwanza hadi kisiwani: kilomita 60 juu ya ziwa, wastani wa dakika 40. Kwa nchi kavu ni kuzunguka kilomita 240, kama saa sita, na bado utakutana na maji. Septemba mwaka huohuo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa jirani cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ndege ni anasa, namuuliza kama amewahi kulivuka lile ziwa. Majaribio yalidumu miezi sita.

Rwanda wao hawakuishia kwenye majaribio. Tangu Oktoba 2016 serikali yao ina mkataba na Zipline, kampuni ya Marekani ya ndege nyuki. Hospitali inaagiza, ndege inarushwa Muhanga kwa mtambo unaofanya kazi kama manati, inafika, inadondosha boksi kwa parachuti na kurudi bila kutua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, maana hospitali ndogo haina haja tena ya kurundika chupa za kila kundi. Na Zipline hiyohiyo, iliyojifunzia kazi kwenye milima ya Rwanda, sasa inawapelekea watu bidhaa za maduka ya Walmart hapahapa maeneo ya Dallas.

Habari za teksi za angani za kubeba watu mimi hazinipi presha. Volocopter na Lilium, kampuni za Ujerumani zilizokuwa zikiziunda, zote mbili ziliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024. Mgonjwa wa Nansio, mji wa Ukerewe, hahitaji kurushwa. Anahitaji kilo mbili za kitu kinachofaa zimfikie kabla hakujacha.

Wapo nyumbani wanaosema tuanze na vivuko vya uhakika. Nakubali, vijengwe, tena vingi. Lakini kivuko kinachukua miaka na dada zetu wanajifungua leo usiku. Ninachotaka ni mkataba wa kudumu, wenye fungu lake kwenye bajeti ya afya, si mradi wa wafadhili unaokuja na kamera na kuondoka nazo. Tuanze na damu, dawa ya nyoka na chanjo. Ukerewe kwanza, halafu Ukara, kisha kisiwa cha Mafia.

Mtoto wa dada ameanza shule mwaka huu. Ananiuliza kwenye simu kama ni kweli huku ndege zinaleta aiskrimu. Nilimwambia ni kweli. Akauliza, "Na huku zitakuja lini, mjomba?"