Kubadilisha bodi kuukuu za michezo: kipi kinaokolewa, kipi kinafutwa

Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, kuna karakana ndogo ambako bodi za saketi za mashine za zamani za michezo ya video ya kulipia sarafu huletwa zikiwa zimeviringishwa kwenye magazeti. Baadhi zina kutu kwenye miguu ya chipu, na baadhi ni nzima kabisa, ila zina mchezo ambao hakuna mteja anayeutaka tena. Mwenye mashine huja na ombi lile lile: "Mzee, nibadilishie hii, niwekee mchezo mwingine." Kazi hiyo fundi huweza kuimaliza kwa siku moja. Kama anapaswa kuifanya, na kwa masharti gani, ni jambo ambalo mafundi na wahifadhi wa mashine hizi hawajakubaliana, nami ninalichukulia kwa uzito kwa kuwa nimeona bodi zilizookolewa kwa njia hiyo na nyingine zilizoharibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Programu ya mchezo haikuunganishwa na bodi kwa namna isiyotenganishika. Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco wa mwaka 1980, huendeshwa na prosesa (chipu inayotekeleza programu) ya Z80, na programu yake yote imo katika chipu nne za kilobaiti 4 kila moja. Picha zake zimo katika chipu mbili nyingine. Michezo kadhaa ya kampuni nyingine, kama vile Crush Roller, ilitengenezwa kwa vifaa vya aina hiyo hiyo, kwa hiyo anayechomoa chipu za mchezo mmoja na kuchomeka za mwingine, akabadilisha na zile chipu ndogo za rangi, hupata mashine nyingine bila kugusa prosesa wala skrini. Chipu zenyewe mara nyingi ni EPROM, zile zenye kidirisha cha kioo mgongoni kilichofunikwa kwa lebo ya karatasi. Fundi huibandua lebo, huiweka chipu chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika 15 hadi 20, na yote yaliyoandikwa humo hufutika. Kisha huiandika upya. Kioo ni kile kile, miguu ni ile ile, ila kilichokuwamo hakipo tena.

Wanaotetea ubadilishaji wana hoja nzito, na ya kwanza ni ya historia yenyewe. Ms. Pac-Man, mmoja wa michezo iliyopendwa mno Marekani, ulizaliwa kwa njia hii. Vijana wa kampuni ya General Computer Corporation, waliotoka chuo cha MIT, walitengeneza bodi ndogo iliyochomekwa katika soketi ya Z80 kwenye bodi ya Pac-Man, nayo prosesa ikahamia juu ya bodi hiyo ndogo. Walichokiita Crazy Otto kikanunuliwa na kampuni ya Midway na kutolewa mwaka 1982 kwa jina tunalolijua leo. Watengenezaji nao walikuja kuufanya ubadilishaji kuwa sehemu ya biashara yao. Kiwango cha JAMMA cha katikati ya miaka ya 1980, chenye kiunganishi cha miguso 56, kiliwekwa ili mwenye mashine aitoe bodi moja na kuchomeka nyingine bila kusuka nyaya upya, na mfumo wa Neo Geo wa kampuni ya SNK, uliotoka mwaka 1990, ulikwenda mbali zaidi kwa kuweka michezo katika kaseti. Anayesema kwamba bodi ni lazima ibaki na mchezo wake wa kwanza milele anaidai heshima ambayo hata walioiunda hawakuipa.

Hoja ya pili ni ya hapa kwetu. Uganda hakuna duka ambalo mtu ataingia na kutoka na bodi ya mwaka 1990 ikiwa ndani ya boksi. Kinachopatikana ni kile kilichoingia zamani kikabaki, au kinacholetwa kimoja kimoja kwa gharama kubwa, na bodi isiyoingiza hata sarafu moja huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huipima kwa kilo. Bodi iliyobadilishwa inaendelea kuwashwa, kupanguswa vumbi na kutafutiwa vipuri. Mwenye hoja hii simwoni kuwa mharibifu hata kidogo.

Upande wa pili una mambo matatu, nami nayapa uzito usio sawa. La kwanza ni la sheria: programu ni mali ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta. Vijana wale wale wa General Computer walishtakiwa na kampuni ya Atari kwa kutengeneza kifaa cha kuubadilisha mchezo wa Missile Command, na katika mapatano wakakubali kutotengeneza vifaa vya namna hiyo bila idhini ya mwenye mchezo. Ndiyo sababu walikwenda Midway na Crazy Otto mkononi. Hoja hii haipuuziki, ingawa haitofautishi kati ya bodi ya kufutwa na bodi ya kuachwa. La pili ni kwamba, kwa anayetaka michezo mingi tu, leo zipo bodi za bei nafuu zenye michezo 60 ndani yake, zinazochomekwa kwenye kiunganishi kile kile cha JAMMA. Hili linanigusa zaidi, kwa sababu linaondoa ile dharura ambayo mafundi wengi huitaja.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Watu husema kwamba hakuna kinachopotea, kwa kuwa tangu mradi wa MAME, programu ya kuiga mashine hizi kwenye kompyuta, uanze mwaka 1997 michezo mingi imenakiliwa na kuhifadhiwa. Mingi, ndiyo. Hata hivyo, bodi nilizoziona Katwe kwa sehemu kubwa hazikuwa za kampuni mama. Zilikuwa nakala zisizo rasmi, zilizotengenezwa na watu wasiojulikana, huku programu ikiwa imeguswa hapa na pale, na pengine lugha au ugumu wa mchezo umebadilishwa. Bodi ya namna hiyo huonekana haina thamani, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuwekwa chini ya taa. Nakala rasmi ya mchezo maarufu ikifutwa Kampala, programu yake ipo kwingi duniani. Nakala ya mitaani ikifutwa, huenda toleo lile halipo kwingine popote. Kwa hesabu hiyo, kile tunachokiita takataka ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Mfano unaonishawishi kuliko mingine ni wa mfumo wa bodi wa CPS-2 wa kampuni ya Capcom, uliotoka mwaka 1993. Programu zake zilifichwa kwa msimbo, na ufunguo wa msimbo huo ulitunzwa katika kumbukumbu inayotegemea betri. Betri ikifa, mchezo nao haufanyi kazi tena. Msimbo ulipoanza kuvunjwa mwaka 2001, watu wakaandika chipu mpya zenye programu isiyofichwa na kuzichomeka mahali pa zile za awali, na bodi nyingi zikafufuka. Mwaka 2016 ikajulikana njia ya kuurudisha ufunguo wenyewe ndani ya bodi bila kubadilisha chipu hata moja. Waliokuwa wamezitunza chipu za awali waliweza kuirudisha bodi kama ilivyotoka kiwandani. Waliozifuta ili waziandike upya walibaki na bodi inayocheza, lakini mlango wa kurudi walikuwa wameufunga wenyewe. Wote walifanya kazi njema walipoifanya. Tofauti yao ilikuwa bahasha moja ya chipu.

Kwa hiyo siko pamoja na wanaokataa kila ubadilishaji, wala sikubali kwamba kila bodi ni malighafi. Bodi ibadilishwe ikiwa mchezo wake umekwisha kunakiliwa, au ikiwa chipu zake zimesomwa na kuhifadhiwa kwanza, na chipu zile zisifutwe. EPROM nyingine zinapatikana, na kuzinunua ni gharama ndogo kuliko majuto. Kabla ya hapo, fundi ahakikishe kwamba bodi anayoiita mfu imekufa kweli. Nimeona moja iliyokwisha kuondolewa nusu ya chipu zake kwa madai kwamba haiwaki, kumbe ilikuwa inapata volti 4.7 badala ya 5, na skrubu ndogo ya kwenye pawa saplai ingetosha kuiponya.

Tena mnunuzi aambiwe. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa bodi kwa sifa ya kuwa halisi, na nilipoifungua nyumbani nikakuta chipu zenye namba 9438, yaani zilizotengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 1994, juu ya bodi ya mwaka 1990, pamoja na waya mmoja mweupe uliolehemiwa chini na gundi ya lebo ya zamani ikiwa bado inanata kidoleni. Mchezo ulikuwa unafanya kazi vizuri sana. Kilichoniuma ni kwamba aliyeuza hakuwa na jibu nilipomwuliza chipu za kwanza ziko wapi. Fundi ninayemtembelea Katwe siku hizi huzifunga zile za awali katika bahasha ya kaki, huandika juu yake jina la mchezo, tarehe na nafasi ya kila chipu, kisha huipigilia bahasha hiyo ndani ya mlango wa nyuma wa kabati la mashine, mahali ambapo fundi atakayekuja baada yake ataiona kabla hajaanza kufungua skrubu.