Mwacheni Mama Apige Kelele

Jumamosi iliyopita, katika jumba moja la sinema hapa Dar, kijana mwenye tochi alipita katikati ya viti akamwinamia mama wa makamo aliyekaa mbele yangu. Akamwambia kwa ule upole wa kufundishwa semina: "Mama, naomba upunguze sauti, unasumbua wateja wengine."

Kosa la mama? Steringi alikuwa anafungua mlango wa stoo, na ukumbi mzima tulishamwona jambazi amejibanza nyuma ya kabati na bastola yake. Mama akasema, "We kaka, usiingie humo!" Basi. Hakupiga vigelegele, hakurusha kiatu. Alimwonya mtoto wa mwenzake.

"Mwanangu," alimjibu yule kijana, "kwani wewe hukumwona?"

Kijana akakosa la kusema, akazima tochi akaenda zake. Lakini mama naye alinyamaza moja kwa moja. Steringi akapigwa, akainuka, akalipiza, na mama kimya, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake kama yuko kwenye baraza la usuluhishi. Nilitoka pale nina hasira kuliko steringi mwenyewe.

Halafu kesho yake nikasimulia mahali, na jamaa mmoja aliyesoma akanijibu eti tatizo letu Waswahili hatuna ustaarabu wa sinema. Wenzetu, anasema, wanakaa kimya, wanaheshimu kazi ya sanaa. Ahaa. Kumbe mtu anaruka na pikipiki kutoka ghorofa ya kumi, anatua juu ya helikopta, na sisi tutazame kama tuko msibani.

Mimi naamini kinyume chake kabisa. Picha ya mapigano, na hasa ile ya kutia roho juu, imetengenezwa ili mtu ashindwe kunyamaza. Ukikaa kimya umeangalia nusu ya picha na umelipa tiketi nzima.

Wala sisemi mimi. Aliyesema ni Alfred Hitchcock, mwongozaji wa picha za roho juu, ambaye wasomi wetu wanamtaja kwa heshima bila kumsikiliza. Alipozungumza na mwongozaji mwenzake, Mfaransa François Truffaut, alieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanaongea mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka: hapo watazamaji wameshtuka sekunde 15, basi. Sasa waonyeshe kwanza kwamba bomu lipo, litalipuka saa saba kamili, na saa ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Maongezi yaleyale ya kipuuzi sasa yanawaweka roho juu kwa dakika 15, kwa sababu kila mtu anatamani kuwaambia wale wawili: acheni upuuzi, chini yenu kuna bomu!

Msome tena mzee huyo. Mtazamaji anatamani kumwonya mtu aliye kwenye skrini. Kazi yote ya mwongozaji, taa zake, kamera zake, miezi yake ya kuhangaika, ni kumfikisha mtu hapo. Mama amefika. Tena amefika wa kwanza. Tuzo yake ni tochi ya uso.

Nina ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka jana nilikwenda Tanga kwa shangazi, na mpwa wangu alikuwa amenunua projekta ndogo ya kuonyeshea mpira. Tukatundika shuka jeupe uani, tukatoa mikeka, na badala ya mpira nikawawekea picha ya Hitchcock ya mwaka 1954, Rear Window. Mpwa wangu akaniambia, "Anko, watu watalala." Wamekuja majirani, watoto wao, fundi seremala wa nyumba ya pili, na mimi nikakaa pembeni kutafsiri kama Lufufu, yule mtafsiri wa picha za mabandani, ila mimi sina kipaji.

Kwa ambao hawajaiona: mpiga picha amevunjika mguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu na plasta mpaka nyongani, kazi yake ni kuchungulia majirani kupitia dirishani. Ni New York, lakini joto ni la Tanga. Madirisha yote wazi, na mume na mke fulani wametoa godoro wanalala nje kwenye roshani. Sikuhitaji kueleza chochote. Ua mmoja, wapangaji wengi, kila mtu anajua ya mwenzake: huyu anapiga piano usiku, yule kaoa juzi pazia halifunguliwi, yule dada mpweke anaandaa chakula cha wawili na mgeni haji. Hadhira yangu iliishi humo ndani tangu dakika ya tano. Wasomi wanaandika vitabu kuhusu picha ile na jicho la kamera; shangazi alisema tu, "Huyu baba mmbea," akasogeza mkeka mbele.

Kuna mchuuzi mmoja ng'ambo ya ua ambaye mkewe ni mgonjwa wa kitandani. Usiku wa mvua mume anatoka na sanduku, anarudi, anatoka tena. Asubuhi mke haonekani. Inasemekana amesafiri. Mkoba wake na vito vyake viko palepale. Hapo shangazi alikata shauri: "Mwanamke hasafiri akaacha mkoba wake. Ameuawa huyo." Fundi seremala akabisha, akidai labda wamegombana tu amerudi kwao. Wakabishana juu ya sauti yangu. Baadaye kidogo Grace Kelly, anayeigiza mpenzi wa mpiga picha, na gauni lake la hela nyingi, akasema hoja ileile ya shangazi karibu neno kwa neno, na ua mzima ukampigia makofi. Shangazi, namaanisha, si Grace Kelly.

Kisha mbwa wa wale wanaolala nje anakutwa amenyongwa. Mwenye mbwa analia kwa sauti, wapangaji wote wanatoka madirishani kuona kuna nini, isipokuwa dirisha moja, giza totoro, na ndani yake moto wa sigara unawaka na kufifia, unawaka na kufifia. Mtoto wa miaka kama minane akaonyesha kidole: "Yule! Yule pale anavuta!" Hakuna aliyemfundisha kusoma picha.

Halafu ndiyo ikaja yenyewe. Grace Kelly ameingia kwenye nyumba ya yule mchuuzi kutafuta ushahidi, na sisi tunamwona mwenye nyumba anarudi, yuko kwenye korido. Mpiga picha naye anamwona, lakini yuko ng'ambo, mguu kwenye plasta, sauti yake haifiki. Uani kwa shangazi palilipuka. "Toka dada! Anakuja! Jamani anakuja!" Kinamama wamesimama, mmoja amejifunika uso na khanga anachungulia kwa jicho moja. Nikaacha kutafsiri, maana hakuna aliyenihitaji. Na hapo nikaelewa kitu ambacho sijawahi kukielewa nikiiangalia peke yangu kwenye kompyuta: yule mwenye plasta ni sisi. Amewekwa kwenye kiti, anaona kila kitu, anapiga kelele na hasikiki. Hitchcock kaweka mtazamaji wa kibanda umiza, banda letu la video, ndani ya picha yake, kampa James Stewart aigize.

Mwishoni muuaji anapomfuata chumbani gizani, jamaa hana silaha ila balbu za kamera. Anazimulika moja moja kumtia upofu yule mtu. Kila balbu ilipowaka watoto walipaza sauti, "Ongeza! Ongeza!" Nani alilala?

Sasa mtu aniambie hao hawana ustaarabu wa sinema.

Najua nitajibiwa kwamba Hitchcock huyohuyo mwaka 1960 alikataza watu kuingia kwenye picha yake ya Psycho ikishaanza. Sawa, alikuwa mkali kwa wachelewaji, nami namuunga mkono. Lakini mayowe hakuyakataza. Aliyajivunia.

Tena kelele zetu zina adabu zake, ila lazima uwe umekaa kwenye benchi la mbao ndipo uzijue. Mabanda ya video ya utotoni mwangu yalikuwa na turubai jeusi madirishani, ubao wa chaki nje wenye majina ya picha yaliyokosewa herufi zote, na spika iliyofungwa juu ya mlango ili hata asiye na nauli ya kuingia asikie ngumi. Nakumbuka pambano la Bruce Lee na Chuck Norris mle Colosseum ya Roma. Bruce Lee anapomng'oa mwenzake manyoya ya kifuani na kuyapuliza, banda lilitikisika. Watu walisimama juu ya mabenchi. Lakini Chuck Norris alipokufa, Bruce Lee akaokota koti lake na mkanda mweusi, akamfunika navyo, akapiga magoti. Kimya. Vijana walewale walioitwa wahuni mtaa mzima, hakuna aliyekohoa. Hakukuwa na mwenye tochi.

Na mtafsiri naye? Watu wanamcheka. Lufufu kwetu, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda, wanaonekana wanaharibu kazi za watu kwa kuchomeka maneno yao. Wajapani enzi za picha zisizo na sauti walikuwa na wasimulizi wao jukwaani, waliitwa benshi, na kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kule ni historia ya sanaa. Huku ni ushamba. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alishaacha kungoja ruhusa: picha yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, ina msimulizi humohumo ndani, anatania waigizaji wenyewe. Dunia nzima imeicheka kwa furaha, ikalipuka nayo.

Haya, na mimi nikubali machache, ingawa sipendi. Anayepokea simu ukumbini na kuanza kuuliza bei ya saruji atolewe, tochi hiyo ndiyo kazi yake. Aliyekwisha kuiona picha akawa anasema "huyu atakufa" naye atolewe, tena bila kurudishiwa hela. Watendaji wanaowafukuza watoto wa shule mabandani saa nne asubuhi siwalaumu. Na mabanda yale hayakuwa mahali pa dada zetu, hilo ni kweli na ni aibu. Bibi zetu wa Unguja walikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao kwenye majumba ya sinema, wakijaza ukumbi. Sisi tukaja na video, tukawarudisha jikoni. Labda ndiyo maana yule mama wa Jumamosi amenikaa moyoni. Amepata mahali pa kukaa, kiti kizuri, kiyoyozi, halafu anaambiwa asiwepo.

Uwanja ambapo Drive-In ya Msasani, sinema ya kuangalia ukiwa garini, ilikuwa ikipokea familia nzima na masufuria yao ya pilau sasa ni ubalozi wa Marekani, kwa hiyo huko hatutarudi. Sinema ya Majestic ya Unguja, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya ile ya kwanza kuungua, ilikaa miaka gofu. Simwombi mtu aturudishie miaka hiyo. Ninaomba kidogo sana kwa nyie wenye kumbi: tupeni onyesho moja kwa wiki, hata Jumanne mchana ambapo viti vyenu vitupu, muandike mlangoni kwamba leo kelele ruksa. Wapenda kimya wana siku nyingine sita. Wekeni picha ya mapigano wiki hii, wiki ijayo ya zamani ya roho juu, na mtupe msimulizi mwenye maiki. Nitamleta shangazi kutoka Tanga kwa nauli yangu.

Na bisi mpunguze bei. Haiwezekani mahindi yagharimu kuliko kuku.