Beni Isguen wana haki ya kumtembeza mgeni kwa masharti

Wapo wanaonung'unika kwamba Beni Isguen, mji mdogo wa Waberberi katika bonde la M'Zab, jangwani kusini mwa Algeria, unamnyima mgeni uhuru. Huingii peke yako. Unapewa mtu wa kukutembeza, mwenyeji wa humo humo, unalipa ada na kusomewa masharti: vaa nguo za heshima, usivute sigara, usipige watu picha. Kwa desturi ya zamani mgeni hakulala ndani ya ukuta wa mji. Mimi naona wana haki, tena naona bila masharti hayo ziara ile isingekuwa na maana.

Kwani ukiachiwa peke yako utaona nini? Vichochoro vinapanda kilima, milango imefungwa, basi. Mwenyeji atakusimamisha kwenye kona akuoneshe jinsi nyumba zinavyouzunguka msikiti ulio juu kabisa, zikishuka safu kwa safu, na atakueleza kwamba hakuna ruhusa ya mtu kuinua ukuta wake akamzibia jirani jua. Nyumba ya tajiri na ya maskini kwa nje hazitofautiani, na hilo ni kusudi. Mwanga na hewa vinaingia kwa tundu lililoachwa kwenye dari. Mlango ukiwa wazi, ndani yake kuna ukuta mfupi unaozuia macho ya mpita njia. Mji mzima umejengwa kulinda faragha ya familia. Sasa nani atakuja na kamera adai kuichungulia?

Watu hawa ni Maibadhi, Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi. Dola yao ya Tahert, kaskazini mwa Algeria, ilipoangushwa mwaka 909 walikimbilia Sedrata, karibu na Ouargla, kisha katika karne ya 11 wakaanza kujenga M'Zab, kwenye majabali ambayo hakuna aliyeyatamani. El Atteuf ndio mji wa kwanza kati ya mitano ya bonde lile. Walichimba visima virefu wakapanda mitende.

Kwangu mimi, sehemu bora ya matembezi ni huko kwenye mitende. Mvua ni nadra, lakini ikinyesha mto mkavu hufurika ghafla, na maji yale lazima yagawanywe kabla hayajapotea mchangani. Basi wamejenga vizuizi vya mawe vyenye matundu, na upana wa tundu hufuata ukubwa wa shamba linalopelekewa maji. Wapo waangalizi waliokabidhiwa kazi hiyo, na anayechezea tundu ameiba. UNESCO iliposajili bonde hili kuwa urithi wa dunia mwaka 1982 ilisajili pia akili hiyo, si kuta peke yake.

Sisi wa Zanzibar tunahusika zaidi ya tunavyodhani. Mwanachuoni mkubwa wa Beni Isguen, Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914, aliandika tafsiri ya Qur'ani ambayo ilipigwa chapa Unguja, katika mtambo ulioletwa na Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Kitabu kilichoandikwa katikati ya Sahara kilichapishwa kisiwani kwetu, kwa kuwa watawala wetu na watu wa M'Zab walikuwa wa madhehebu mamoja. Watoto wetu wangepaswa kulijua hilo darasani.

Ndiyo maana naulizia Mji Mkongwe. Nao umo katika orodha ya UNESCO, tangu mwaka 2000. Lakini kwetu mgeni anapita vichochoroni na kaptura, anampiga picha bibi aliyeketi barazani bila hata kumwamkia, na anayemtembeza mara nyingi ameletwa na hoteli, hajui nyumba ile ilikuwa ya nani. Bibi hapati kitu ila kero.

Sisemi tujenge ukuta na lango. Mji Mkongwe ni wa bandari, haujapata kufungwa, na hoteli zimo ndani yake. Nasema kila mtaa uwe na watembezaji wake, wazawa wa Malindi, Shangani au Kiponda, wenye kujua habari za kila mlango. Sehemu ya ada ibaki mtaani, itengeneze paa zinazovuja na mitaro iliyoziba. Na sharti la picha na mavazi liandikwe kwenye tiketi, mgeni alisome kabla hajalipa. Anayeona ni gumu, ufuo wa Nungwi upo.