Moshi wa boila ya chai: uliza kwanza kuni zilikatwa lini

Moshi mzito ukionekana juu ya kiwanda cha chai huko Kericho ama Murang'a, watu wanasema kuni ni uchafu na boila, ile mitungi ya kuchemsha maji itoe mvuke wa kukaushia majani, zirudi kwa mafuta mazito ama ziende stima. Wana hoja. Kwa viwango vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kila gigajuli ya joto la kuni inatoa kilo 112 za kaboni dioksidi, mafuta mazito kilo 77 hivi, kwa hivyo ukipima pale kwa chimni tu kuni zimeshindwa. Na masizi yakiingia kwa mapafu ya jirani hayajali kama mti utaota tena.

Lakini kaboni ya mkaratusi, mti unaochomwa sana kwa boila hizi, ilitoka hewani juzi juzi tu, mti unavunwa na miaka 8 ama 10 na kisiki kinachipuka tena, wakati ile ya mafuta ilikuwa imelala chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Salfa pia kwa kuni ni kidogo sana. Hesabu hii inasimama kama kuna shamba la miti linalopandwa kweli, kuni zikitoka msitu wa asili mimi sitetei.

Kinachonisumbua ni maji. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, yaani tani moja ikiingia getini kilo 500 hivi ni maji, umelipia lori liyabebe, halafu moto wenyewe lazima uyageuze yote kuwa mvuke unaopotelea juu kwa chimni bila kukausha jani hata moja! Kilo ya kuni mbichi inakupa megajuli 8 hivi, ikikauka hadi asilimia 20 ya maji inakupa karibu 15. Tena moto ukipoa hivyo gesi zinazotoka kwa mbao hazipati joto la kuungua zikaisha, zinapanda zikiwa kaboni monoksidi, lami na masizi, fundi akiona presha inashuka anafungua mlango anaongeza zingine mbichi, hewa baridi inaingia, moshi unazidi. Boila ile ile ukiipa kuni kavu zilizopasuliwa, na hewa ya kutosha ipulizwe juu ya moto, moshi unapungua sana. Na kazi yenyewe ya kiwanda ni kutoa maji, jani linafika na maji zaidi ya asilimia 70 linatoka na 3 hivi, sasa unatoa maji kwa kutumia kuni zenye maji?

Hata kuni kavu zina majivu laini yanayoruka, kwa hivyo kifaa cha kunasa vumbi kwa chimni lazima kiwepo, hapo wakosoaji wasilegeze.

Kibanda cha mabati cha kukaushia si teknolojia ngumu, kinataka nafasi na pesa ya kununua kuni miezi kadhaa kabla ya kuzichoma, na pesa hiyo mwishowe inakatwa kwa bonasi ya mkulima. Mafuta pia yatakatwa hapo hapo, na kwa kiasi kikubwa zaidi.