Playback ndo inatuua
Kuna mwandishi kwenye makala yake kalinganisha tamasha la muziki la Glastonbury la Uingereza na matamasha yetu ya hapa Dar, akasema tofauti ni hela. Mi sikubaliani kabisa. Wale walianza 1970 kwenye shamba la ng'ombe huko Somerset, kiingilio pauni 1 na maziwa ya bure juu, hela ilikuja baadae. Tofauti ni kwamba kule watu wanafata bendi inayopiga, magitaa, dramu, kila kitu laivu, huku msanii anapanda jukwaani na flashi, DJ anaweka wimbo uliorekodiwa (ndo hiyo playback), yeye anarukaruka na kuitikia maneno ya mwisho mwisho na sisi tunashangilia wakati kiingilio tumelipa! Na si kwamba hatuwezi jamani, tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe Zanzibar tangu 2004 wanataka laivu tupu. Hata hapa Dar, bendi kongwe za dansi, Msondo na Sikinde, wakipambanishwa ilikuwa mpaka majogoo, magitaa yanajibizana, tarumbeta zikiingia kwa pamoja hakuna anayebaki kwenye kiti, vijana wengi wa leo hawajawahi kuonja hicho kitu na inauma sana. Mapromota wekeni bendi nyuma ya hawa wa Bongo Fleva, na muwape muda wa kufanya mazoezi.