Kibiriti hiki nani alikipima?

Kuna mtu aliketi mahali fulani duniani akaamua kwamba kibiriti cha gesi kinafaa kuwa na umbo la samaki. Samaki wa buluu, macho yanawaka taa nyekundu, ukimbonyeza mgongoni anafungua mdomo na kutema moto. Mwingine akaona hiyo ni bidhaa ya kuleta Kenya. Na wa tatu, ambaye tunasalimiana kila asubuhi, akaona mahali pake ni juu ya kaunta ya duka lake hapa Lamu, baina ya pipi za vijiti na biskuti.

Samaki huyo nilimkuta mikononi mwa mtoto wa ndugu yangu, mvulana ambaye hajatimiza miaka minne, amejikalia dakani, pale mlangoni. Hakuungua mtu, alhamdulillahi. Ila nilimtazama kabla hajaniona. Kidole gumba hakina nguvu, basi akamlaza samaki sakafuni, akamkandamiza kwa viganja viwili, mwili wote juu yake. Macho yakawaka. Akacheka. Akakandamiza tena, na moto ukatoka.

Nikaenda dukani na samaki wangu mfukoni.

"Ami, hiki kimetoka wapi?"

"Mombasa, mwalimu."

"Na Mombasa kimetoka wapi?"

"Kwenye kontena."

"Nani alikipima kama ni salama?"

Akaniangalia kama nimemuuliza nani aliyepima bahari. Kisha, kwa wema kabisa, akanitolea boksi kilimokuja. Limeandikwa kwa Kiingereza kwamba bidhaa imekaguliwa. Jina la kiwanda hakuna. Tarehe hakuna. Nambari ya toleo hakuna. Imekaguliwa na nani, lini, wapi? Boksi limesema, basi limesema.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Jambo hili si geni duniani. Marekani wana kanuni ya vibiriti vya gesi iliyoanza kutumika Julai 1994. Inahusu vile vya bei nafuu vya kutumia na kutupa, na pia hivi vya mapambo vyenye sura ya vitu vya watoto, hata kama ni vya bei ghali. Kipimo chenyewe ni hiki: wanachukuliwa watoto 100 wenye umri wa miezi 42 hadi 51, yaani rika la huyu wetu wa dakani, kwa idhini ya wazazi wao. Wanaketi wawili wawili. Wanapewa kibiriti cha mfano kisicho na gesi, ambacho kikifyatuliwa sawasawa hutoa mlio au ishara badala ya moto. Wana dakika tano za kujaribu. Wakishindwa, mpimaji anawaonyesha kinavyowashwa, kisha wanapewa dakika tano nyingine. Wakifaulu kuwasha watoto 10 au pungufu, kibiriti kimepita. Wakifika 19, kimeanguka. Katikati hapo, unatafuta watoto wengine 100, na matokeo ya makundi yote mawili yanajumlishwa. Shabaha ni kwamba angalau asilimia 85 ya watoto wasiweze kukiwasha.

Na wala hawaruhusu ujanja wa kukusanya watoto wa mtaa mmoja tu. Lazima watoke sehemu mbalimbali.

Vizuri. Lakini kilichonivutia zaidi si watoto wala dakika. Ni makaratasi. Kwa kila mtoto huandikwa tarehe yake ya kuzaliwa, jinsia, siku ya jaribio, mahali lilipofanyika, mpimaji alikuwa nani, na kama aliwasha, aliwasha vipi. Kwa viganja? Kwa meno? Kwa kukigonga sakafuni? Yote yanaandikwa. Kwa kila kundi la watoto 100 lazima ziwepo picha au video za angalau jozi moja ya watoto wakihangaika nacho. Vibiriti vya mfano vilivyotumika navyo vinahifadhiwa. Kumbukumbu hizo zinakaa mpaka miaka mitatu ipite tangu aina hiyo iache kutengenezwa au kuingizwa nchini. Mwagizaji anatakiwa kupeleka taarifa siku 30 kabla mzigo wa kwanza haujaingia, na shehena inasafiri na cheti. Na kupima mara moja hakutoshi, kwa sababu kiwanda kinaweza kuleta sampuli nzuri kisha mwezi wa pili kikabadilisha springi kwa ya bei rahisi. Kwa hiyo uzalishaji nao unapimwa, na matokeo yanaandikwa.

Wengi watasema huo ni urasimu. Mimi nasema huo ndio usalama wenyewe. Kupima bila kuandika ni porojo. Siku moto ukila nyumba, lile boksi lililosema "imekaguliwa" litakuwa limeungua pamoja na nyumba, na hutakuwa na mahali pa kuanzia: kiwanda kipi, mzigo upi, nani aliagiza, duka gani jingine linauza samaki wale wale leo hii. Faili ndiyo inayomwezesha mkaguzi kusema rudisheni bidhaa hii. Bila faili, mkaguzi atabaki kupiga picha majivu.

Tena msiniambie kwamba sisi si watu wa kuandika. Ami yule yule ana daftari la mkopo lenye jalada lililoshonwa kwa uzi, na ndani yake mna unga, sukari na sabuni za nusu ya mtaa. Aliyekopa kilo mbili za mchele Shaaban ya mwaka juzi yumo, pamoja na jina la mamake, pamoja na alicholipa na kilichobaki. Mtu akihamia Kilifi, deni linamfuata Kilifi. Uwezo upo! Ni kwamba tunaandika kile ambacho tunaogopa kukipoteza. Pesa ya mchele tunaiogopea. Kibiriti kilikotoka, hatuna habari.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kanuni hizi zina gharama. Kuwatafuta watoto mia, kuwalipa wapimaji, kutunza mafaili: hayo yote mwishowe yanaingia kwenye bei, na mama anayewasha jiko la mahamri alfajiri hahitaji kibiriti kipande bei. Nakiri pia kwamba hakuna kibiriti kinachowashinda watoto wote. Kanuni yenyewe inakubali kwamba baadhi watafaulu. Na vibiriti vya njiti mtoto anaviwasha vizuri tu, hata havihitaji samaki.

Haya, nimekiri. Lakini kuna anayehitaji samaki? Ulaya walianza kuzuia vibiriti vya sura za vitu vya watoto mwaka 2007, na sijasikia Mzungu aliyeshindwa kuwasha sigara kwa sababu hiyo.

Halafu kuna wale vijana wa maskani ya ufukweni. Kibiriti cha kawaida mara nyingi huja na kibati chembamba juu ya gurudumu, kilichowekwa makusudi ili kidole cha mtoto kiteleze. Nimewaona kwa macho yangu: mtu ananunua kibiriti, hata hajakiwasha, anaingiza ncha ya kisu cha kuparia samaki chini ya kile kibati, anakipindua, tak, anakitupa majini. "Kinaumiza kidole," anasema. Mwanamume wa kuvuta nyavu usiku kucha kwenye chumvi, kibati kinamuumiza kidole. Halafu anarudi nyumbani, anavua shati, analitundika msumarini, na kibiriti kimo mfukoni. Kanuni ya Marekani inasema kinga isiwe rahisi kuondolewa. Sijui kama walioiandika waliwahi kukutana na kisu cha mvuvi.

Kuna kipimo kingine cha kimataifa, ISO 9994, ambacho hakihusu watoto bali kibiriti chenyewe: kinaangushwa kutoka mita moja na nusu, kinawekwa kwenye joto la nyuzi 65 kwa saa nne, na hakitakiwi kupasuka wala kuvujisha gesi. Fikirieni kibiriti kilichosahaulika juu ya injini ya boti inayorudi kutoka kisiwa cha Manda saa nane mchana, ndipo mtajua kwamba hizo nyuzi 65 si mchezo wa maabara.

Na sisi tunaishi wapi? Mji wa mawe wa Lamu, ndiyo, UNESCO wameuorodhesha tangu 2001 na tunajisifu kwa watalii. Lakini juu ya mawe hayo kuna makuti, na ndani kuna boriti za mikoko zilizokauka tangu enzi za babu zetu. Vichochoro vyetu punda wawili wenye mizigo hawapishani. Gari la zimamoto lipite wapi? Huku moto unazimwa kwa ndoo na kwa majirani, na makuti yakishika hayasubiri ndoo.

Wapo watakaoniandikia kwamba wazazi wachunge watoto wao. Ahsanteni. Mama wa mtoto huyu alikuwa jikoni, hatua chache tu, na mtoto alikuwa kimya na kitu anachokiona ni mchezo. Ni mzazi gani hapa anayepekua kila samaki wa plastiki?

Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Stika ya viwango ni mwanzo mzuri, sikatai. Ila stika inaniambia tu kwamba kuna mtu alisema sawa. Nataka kujua faili iko wapi.

Nisiombe makubwa. Sitaki maabara mtaani Langoni wala watoto mia wa Lamu wapewe samaki. Vipimo vimekwisha kufanywa huko vinakofanywa. Kila mwaka wenye maduka wanakata leseni ya biashara ya kaunti. Kwenye ukaguzi huo iongezwe karatasi moja: unauza vibiriti vya gesi? Onyesha risiti ya uliyenunua kwake. Na wa jumla wa Mombasa aonyeshe cheti cha mzigo, chenye jina la kiwanda na tarehe ya kipimo. Asiye nacho, mzigo wake usipande boti pale gatini Mokowe. Ami amenihakikishia kwamba risiti anayo mahali. Nimempa mpaka Ijumaa aitafute, na samaki wake bado ninao mimi.