Goma haisimuliki kwa Kiingereza cha ripoti

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye klabu moja ya Kiingereza hapa Katindo, mjini Goma. Vijana walikuwa wamejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mada ilikuwa usiku volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka, ule wa tarehe 22 Mei 2021. Kila aliyekuwa Goma siku ile ana lake la kusimulia, kwa hiyo nikakaa vizuri nisikilize. Akasimama kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akasema: “The situation was very critical and the population was seriously affected.” Makofi. Akafuata dada mmoja: “It was a very terrible catastrophe.” Makofi tena.

Tulipotoka nje, kijana yule yule akaanza kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili. Mbingu imekuwa nyekundu ndii. Mama yake anamfunga mtoto mgongoni huku akitafuta kandambili ya pili. Bidoni, dumu la plastiki, inabingirika barabarani na hakuna anayeiokota. Jirani anafunga mlango kwa kufuli, anarudi kuhakikisha, anarudi tena. Nilisisimka. Huyu ni msimulizi kamili, na dakika chache kabla nilikuwa nimemsikia akizungumza mithili ya tangazo la ofisi.

Limeniuma, na bado linaniuma, kwa sababu kijana huyu hana uhaba wa Kiingereza. Anayajua “vulnerable”, “stakeholders”, “sensitization”, “capacity building”. Tumeyaokota wapi maneno haya? Kwenye matangazo ya kazi, kwenye mabango ya ONG (mashirika yasiyo ya kiserikali), kwenye semina za hotelini. Mji huu umeishi na mashirika tangu mwaka 1994, wakimbizi walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na wengi wetu Kiingereza kilitufikia kwa gari jeupe lenye antena ndefu. Ni Kiingereza cha kuombea fedha. Ndani yake hamna mtu mwenye jina, hamna sufuria iliyoachwa jikoni na maharage yake. Kuna “households” tu.

Sababu ya pili ni Kifaransa, na hapa walimu wetu wangetusaidia sana kama wangetueleza historia kidogo. Mwaka 1066 William wa Normandie alivuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada yake wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa huku wachunga mifugo na wakulima wakiendelea na lugha yao. Alama yake ipo hadi leo. Ng'ombe akiwa malishoni ni “cow”, akifika kwenye sahani ni “beef”. Kondoo ni “sheep”, nyama yake “mutton”. Nguruwe ni “pig”, nyama yake “pork”. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaingia Kiingereza kupitia meza ya wakubwa. “Commence”, “profound”, “liberty”, “descend” tunayapata bila jasho, maana tulikuwa nayo tayari. Yanayotushinda ni “begin”, “deep”, “freedom”, “climb down”, yale mafupi ambayo mama wa Kiingereza anamwambia mtoto wake. Halafu tunafundishana kwamba neno refu ndilo la msomi! Mkongomani anayetafuta Kiingereza chenye uhai ayatafute maneno mafupi kwanza. Marefu yanamsubiri nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote. Kiswahili chetu kina utajiri ambao tunauacha nje ya mlango wa darasa. Mtu analala fofofo, kanisa linajaa pomoni, jiwe linatumbukia ziwani chubwi, usiku unakuwa mweusi tititi. Kiingereza nacho kinapenda sauti, ila mara nyingi kinaiweka ndani ya kitenzi chenyewe. Gunia likidondoka chini kwa kishindo ni “thud”. Kitu kikipiga maji ni “splash”. Sambaza, visamaki vya ziwa letu, zikiingia kwenye mafuta ya moto ni “sizzle”. Makala, yaani makaa, yakialika ndani ya jiko la mbabula ni “crackle”. Mvua nyepesi juu ya mabati ni “patter”, na ile ya mwezi wa kumi na moja, inayotufanya tupige kelele ndani ya nyumba ili tusikilizane, ni “drum” au “hammer”. Mlima ukinguruma ni “rumble”. Na lava ya mwaka 2002, iliyopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, kitenzi cha maji yale yakikutana na moto ni “hiss”. Kila sikio la Goma linazijua sauti hizi. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia kwamba na Waingereza wanazo.

Ni vivyo hivyo kwenye miguu. Mtoto wa hapa hawezi kukuambia tu kwamba mtu “alitembea”. Atakuambia alichechemea, alinyata, alipepesuka, alijikokota. Kiingereza kina “limp”, “tiptoe”, “stagger”, “trudge”, na hakuna hata moja lenye silabi zaidi ya mbili. Mtazame mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, aliyebeba viazi kutoka Kibumba: penye mteremko chombo kina “hurtle”, penye kilima mwenyewe ana “heave”, na jasho lake lina “drip”. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa sita aieleze chukudu hiyo hiyo, atakuandikia “traditional means of transport”. Kweli, ndivyo ilivyo. Lakini nani ameiona?

Kwa hiyo njia ninayoitetea mbele ya mwalimu yeyote ni hii: anza na Kiswahili. Uliona nini hasa? Kilifanyaje? Kilitoa sauti gani? Ukishapata kitenzi cha Kiswahili ambacho huwezi kukibadilisha bila picha kuharibika, hapo ndipo ufungue kamusi. Najua wapo walimu wanaokataza Kiswahili darasani, wengine hadi kumtoza mtoto faini. Wananiumiza moyo. Wanamnyang'anya mtoto macho yake, kisha wanamwambia aeleze.

Kuhusu zile orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, usiseme “very tired”, sema “exhausted”, usiseme “very big”, sema “enormous”, zina faida ndogo na nazikubali kwa shingo upande. Zinafukuza “very”, basi. Hazikuonyeshi neno linatembea na nani. Kwa Kiingereza mvua ni “heavy”, upepo ni “strong”, na “strong” hilo hilo linakaa vizuri na chai, lakini ukiliweka kwenye mvua kila Mwingereza atasimama. Hata IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao wanaotafuta bourse, yaani ufadhili wa masomo, wanauogopa, hautazami maneno yasiyo ya kawaida peke yake, unatazama pia kama mwandishi anajua mahali pake. Jifunze neno likiwa ndani ya sentensi, na sentensi hiyo itoke kwenye kartiye yako, mtaani kwako.

Wengine wananiambia Kiingereza ni bahari, kamusi kubwa ya Oxford ina zaidi ya maneno na misemo 500,000, tutaanzia wapi? Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba familia 8,000 hadi 9,000 za maneno (familia ni neno pamoja na yanayotokana nalo) zinatosha kusoma riwaya bila msaada mkubwa. Hiyo ni kazi ya miaka, sikatai, lakini ina mwisho. Na mwenye mia chache za vitenzi vinavyoonekana na kusikika atasimulia vizuri kuliko mwenye elfu za semina.

Sawa, ripoti inalipa kodi ya nyumba. Anayetafuta kazi ajifunze “beneficiaries”, sitamzuia. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ng'ambo ya grande barrière, kivuko chetu kikuu cha mpaka, Rwanda iliamua tangu 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Haja ya lugha ya ofisi ipo.

Ila mimi naogopa jambo jingine. Goma inasimuliwa duniani na watu wanaokaa hapa wiki mbili. Wana “glow”, wana “ash”, wana “rubble”, na wanayatumia kwa mambo waliyoelezwa na mkalimani. Sisi tuliokanyaga majivu yale tunabaki na “situation”. Anayesoma mbali atamwamini aliyemwonyesha, na ni haki yake. Wajukuu zetu wakitafuta usiku ule kwenye Kiingereza, watakuta macho ya mgeni peke yake.

Kaka na dada mnaoongoza vilabu, kuanzia Himbi hadi Ndosho, nawaomba Jumamosi moja ya mwezi muiweke kando mada ya utandawazi na ya uongozi bora. Wapeni vijana soko la Virunga saa kumi na moja jioni, mvua ikianza. Nani anafunika unga kwanza? Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anajificha wapi? “Situation” na “very” zipigwe marufuku kwa siku hiyo. Halafu muwaulize turubai la muuza nguo linafanyaje upepo ukilikamata, kama ni “flap” au ni “snap”, na kila mmoja atetee neno lake kwa alichokisikia. Mdahalo huo nitakuja kuusikiliza, hata kama nitasimama mlangoni.